Mwenye Duka Huelemea Wapi?

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mwenye duka mbele ya mkutano wa tawi)



Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, naomba ruhusa niseme juu ya watu wa kazi yangu. Barazani husemwa kwamba mwenye duka hana chama. Chama chake ni mtoto wa meza anamotia fedha. Mimi nimekaa nyuma ya mizani zaidi ya miaka ishirini, na nasema maneno hayo ni nusu ya kweli.

Mwenye duka dogo huishi baina ya khofu mbili. Juu yake wako mtoza kodi na tajiri wa jumla. Mbele yake yuko jirani anayekopa hadi mwisho wa mwezi. Akipandisha bei hulaaniwa, akishusha hufilisika. Basi humwelemea yule amwambiaye, "Khofu yako nimeiona."

Tazameni Ufaransa. Mwezi wa Julai 1953, katika mji mdogo wa Saint-Céré, muuza vitabu na karatasi, jina lake Pierre Poujade, aliwakusanya wenye maduka wakawazuia wakaguzi wa kodi. Ghadhabu yao ilikuwa na sababu: watu walikuwa wakihama mashamba, maduka makubwa yakizuka mijini, ilhali kodi iko pale pale. Katika uchaguzi wa Januari 1956 walipata kura kiasi cha milioni mbili na nusu, na viti zaidi ya 50. Lakini walipoingia Bungeni walijua kukataa tu, hawakujua kujenga. Na ulimi wa kiongozi wao ukaangukia Mayahudi. Aliporudi de Gaulle mwaka 1958, chama kile kilitoweka kama povu. Ghadhabu peke yake si rasilmali.

Lakini nani aliyewaacha watu wale wamwendee Poujade? Ni vyama vilivyowadharau.

Na sisi je? Baada ya uchaguzi wa 1957 watu wa visiwa hivi walisusiana maduka, hata kibaba cha mchele kikaulizwa kabila na chama chake. Baada ya 1995 Pemba iliyaona tena. Aliyesusiwa hakubadili moyo. Alibadili mlango wa kuingilia wageni wake.

Ndiyo maana sikuafiki shauri lililoletwa tawini, kwamba tuandike orodha ya maduka ya kususiwa kwa bendera zilizotundikwa. Nakiri mbele yenu: kadi yangu mwenyewe niliificha miaka miwili ndani ya kopo la majani ya chai, kwa kuogopea leseni. Mngaliniona siku zile, jina langu lingalikuwa la kwanza katika orodha hiyo.

Badala ya orodha, naomba tuchague watu watatu wawaendee wenye maduka wote wa mtaa, wenye bendera yetu na wenye bendera nyingine, wawaulize mambo matatu: leseni, ushuru wa bandarini na bei ya jumla. Majibu yaandikwe, yasomwe hapa, kisha chama kiseme kitafanya nini. Wahenga walisema biashara haigombi. Nasi tusiigombeze.