Kishikwambi cha Ng'ambo: Soma Boksi Kabla ya Kutoa Fedha

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Mbeya na Iringa)

 

Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya kishikwambi. Wengi wenu mmekwisha kukiona. Katika Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022, karani alipita nyumbani kwako. Hakushika makaratasi kama makarani wa zamani. Alishika kifaa bapa, kikubwa kuliko simu, akawa anakigusa kwa kidole. Kile ndicho kishikwambi. Baada ya sensa Serikali iliwagawia walimu vifaa vile.

Sasa wananchi nao wanataka vya kwao. Jambo hilo ni jema. Kwenye kishikwambi unaweza kusoma gazeti, kuangalia somo la kilimo, na kuweka hesabu za kikundi. Maandishi yake unaweza kuyakuza mpaka mzee mwenye macho mazito ayaone.

Lakini kuna tatizo, na hilo ndilo limetuleta hapa. Wengi wetu tunanunua vifaa hivi nje ya nchi. Wengine wanavuka pale Tunduma, ambako tangu mwaka 2016 ni mkoa wa Songwe, wanaingia Nakonde upande wa Zambia. Wengine wanavuka mto Songwe pale Kasumulu, Kyela, wanaingia Malawi. Wengine wana watoto Muscat, Dubai, London au Marekani, nao wanaletewa. Kifaa kinafika Tukuyu au Mufindi, kinawaka, kinapendeza. Ukitia laini, kimya! Mtandao hakuna. Fedha ya mahindi, fedha ya viazi, fedha ya kahawa imekwenda.

Je, kifaa kimeharibika? Hapana. Mara nyingi ni kizima kabisa, ila hakikuwekwa kwa ajili ya mahali tulipo. Na habari hiyo imeandikwa kwenye boksi. Sisi tunajua kusoma. Basi tusome boksi kabla ya kutoa fedha.

Jambo la kwanza: mawimbi

Wenye magari mtatuelewa upesi. Magari mengi barabarani kwetu yametumika kwanza Japani. Ukifungua redio ya gari kama hilo, stesheni nyingi hupati. Kwa nini? Redio nyingi za Japani za FM zilitengenezwa kuanzia namba 76 mpaka 90. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Redio ni nzima, lakini haifiki kwenye namba zetu.

Kishikwambi ni hivyo hivyo. Mtandao wa simu nao ni mawimbi, na mawimbi yana namba. Simu za kawaida huku Afrika Mashariki zinatumia namba 900 na 1800. Marekani walizoea 850 na 1900. Mtandao wa kasi, ule wa 4G, kwetu unatumia namba kama 800 na 1800. Vifaa vingi vya siku hizi vinashika namba nyingi kwa pamoja, lakini si vyote. Angalia boksi, au mwambie muuzaji akuonyeshe namba hizo zimeandikwa wapi.

Jambo la pili: tundu la laini

Hapa wengi wanaanguka. Vishikwambi viko vya namna mbili. Namna ya kwanza vina tundu la kutia laini. Namna ya pili havina tundu, vinatumia intaneti ya waifai tu. Mjini Muscat waifai iko nyumbani. Huku Ludewa au Chunya utaipata wapi? Itabidi uazime intaneti kwenye simu ya mtu mwingine kila siku. Vya waifai tu huwa na bei ndogo, na ndiyo sababu vinavutia. Kama wataka kukitumia kijijini peke yake, tafuta chenye tundu.

Tena jueni jambo hili: vipo vishikwambi vyenye tundu la laini, lakini havipigi simu wala havikubali kubonyeza namba za kutuma fedha, kama ile *150*00# ya M-Pesa. Kwa hiyo usiuze simu yako ndogo ya tochi kwa sababu umepata kishikwambi.

Jambo la tatu: kufungwa

Katika nchi nyingine kampuni ya simu huuza kifaa kwa bei nafuu, lakini kwa sharti: mnunuzi atumie laini ya kampuni ile tu. Kifaa kinafungwa. Ukitia laini ya Tanzania kinakataa. Marekani vya namna hiyo bado vipo vingi. Uingereza ilizikataza kampuni za simu kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021, lakini vya zamani bado vinazunguka mikononi mwa watu.

Dawa yake ni kujaribu. Ukivuka kwenda Nakonde, beba laini yako ya Tanzania mfukoni. Mji ule umegusana na Tunduma, na mtandao wetu unavuka mpaka. Mwambie muuzaji, "Ndugu, naomba nijaribu laini yangu." Ikishika, zungumza bei. Muuzaji akikataa, mshukuru, nenda duka jingine. Usione haya. Fedha ni yako.

Jambo la nne: namba 15

Kila simu, na kila kishikwambi chenye tundu la laini, kina namba yake ya tarakimu 15. Inaitwa IMEI. Ni kama hati ya kuzaliwa ya kifaa. Iko kwenye boksi, na iko ndani ya kifaa upande wa mipangilio. Kwenye simu unabonyeza *#06# nayo inatokea. Namba ya ndani na namba ya boksi lazima ziwe moja. Kaa chini, soma tarakimu moja moja, mwenzako afuatishe.

Mnakumbuka Juni 2016? Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ilizizima simu zote zenye namba za bandia. Wananchi walitangaziwa kutuma namba ile kwa ujumbe kwenda 15090, wapate jibu kama simu ni halali. Kifaa halali hakikuzimwa ati kwa sababu kilinunuliwa nje. Kilichozimwa ni cha bandia. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Namba mbaya si neno, fundi ataibadilisha," ondoka. Kubadilisha namba ile ni kosa kwa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010.

Jambo la tano: mali ya nani?

Ukiwasha kishikwambi kilichotumika, nacho kikauliza neno la siri la mwenyewe wa kwanza, simama hapo. Kama muuzaji hana neno hilo, huenda kimeibwa. Hakitafunguka kwako. Na kupokea mali ya wizi ni kosa mbele ya sheria, hata kama umelipa fedha yako halali.

Daima dai risiti. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Risiti itakusaidia kwa polisi, na itakusaidia kwa watu wa forodha. Pale Tunduma na Nakonde, tangu mwaka 2019 kuna kituo kimoja cha pamoja cha mpaka. Pita njia hiyo. Kabla ya kununua, waulize maofisa wa TRA kama kuna ushuru na ni kiasi gani. Ukipita njia ya panya, kifaa kinaweza kukamatwa, na bei nafuu uliyoifurahia ikageuka hasara.

Jambo la sita: umeme

Umeme wetu ni volti 230. Marekani ni 120, Japani ni 100. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Kama yanasema 100-240V, itafanya kazi huku. Kama yanasema 120V peke yake, usiichomeke, itaungua. Halafu tazama meno ya chaja. Sisi tunatumia meno matatu ya mraba, kama Uingereza, Kenya, Oman na Dubai. Ya Marekani ni mawili bapa. Hayo ni madogo, utanunua kichwa kingine cha chaja mjini.

Kama kwako mnatumia sola, uliza kama kifaa kinachajiwa kwa waya wa kawaida wa simu. Uliza hilo mapema, maana kishikwambi kinakula chaji kuliko simu ndogo.

Jambo la saba: lugha, programu na matengenezo

Vifaa vingi vya Android vina Kiswahili ndani yake. Ingia upande wa lugha, chagua Kiswahili. Lakini vile vilivyotengenezwa kuuzwa ndani ya China mara nyingi havina duka la programu la Google tulilolizoea. Mwambie muuzaji akuonyeshe duka hilo kabla hujalipa.

Dhamana nayo uliza. Dhamana ya duka la Dubai mara nyingi inaishia Dubai. Kioo kikipasuka Makambako, hutapanda ndege kukirudisha. Kwa hiyo, kabla ya kukimbilia ng'ambo, linganisha na bei ya Mbeya mjini au Iringa mjini. Pengine utaona tofauti ni ndogo, na hapa muuzaji unamjua duka lake lilipo.

Mwandikie mwanao

Kama mwanao yuko nje, usimwambie tu "niletee kishikwambi." Mwandikie ujumbe kamili. Mnaweza kunakili huu:

"Mwanangu, salaam. Sisi hatujambo. Kishikwambi ulichoahidi, kiwe na tundu la laini. Kisiwe kimefungwa kwa kampuni. Kishike 4G namba 800 na 1800. Chaja iseme 100-240V. Nitumie kwanza namba yake ya tarakimu 15. Risiti uitunze. Mungu akulinde. Mimi mama yako."

Ujumbe huo ni mfupi, lakini unaokoa fedha ya jasho la mtoto. Na kikifika, laini utakayotia iwe imesajiliwa kwa kidole chako na kitambulisho chako mwenyewe. Bonyeza *106# uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako. Ukiona usiyoijua, nenda kwenye kampuni ya simu waifute.

Ndugu zangu, zamani asiyejua kusoma alimpa karani barua amsomee, na karani akasoma alichotaka. Siku hizi muuzaji anataka kutusomea boksi. Tusimwachie. Mwambie, "Lete, nisome mwenyewe." Pale usipoelewa, muulize mwalimu au kijana aliye karibu. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kishikwambi cha waifai tu kitamfaa nani kijijini kwenu, na nani hakitamfaa?
2. Chukueni chaja moja. Imeandikwa volti ngapi?
3. Kila mmoja abonyeze *#06# kwenye simu yake, aandike tarakimu 15 katika daftari. Ikiibwa, namba hiyo mtaipeleka wapi?
4. Kikundi chenu kikitaka kununua kishikwambi kimoja cha pamoja, nani atakitunza, na nani atakwenda kukisoma boksi?