Kupanda Ngong na Watoto Msimu wa Mvua

Msikilizaji wa Kitengela, Aprili watoto wamefunga shule na nyasi zimechipua. Milima ya Ngong, hapa hapa Kajiado, inapendeza mno wakati huu. Lakini kilele chake ni mita 2,460, na upepo unaozungusha mitambo ya umeme iliyo huko juu una baridi hata jua likiwaka. Mvalishe mtoto sweta na viatu vinavyoshika udongo, maana njia ikilowa huteleza vibaya.

Anzeni asubuhi, kabla mawingu ya mchana hayajakusanyika. Mkisikia ngurumo, shukeni kutoka mgongo wa mlima papo hapo. Picha zitangoja siku nyingine. Wala msijikinge chini ya mti ulio peke yake. Na kabla ya kuanza kupanda, mwombeni askari wa misitu aliye langoni awasindikize.