Cheti cha Mwaka 1987: Eugene Kaspersky na Biashara ya Kuaminiwa



Mwaka 1989, kwenye taasisi moja ya jeshi la Umoja wa Kisovieti, kompyuta ya Eugene Kaspersky ilipatwa na kirusi kiitwacho Cascade, kilichofanya herufi ziporomoke na kurundikana chini ya skrini. Kijana huyo alikichambua, akaandika programu ndogo ya kukiondoa, na tangu hapo hakuacha kuwinda virusi. Kampuni yenye jina lake ilizaliwa Moscow mwaka 1997. Wasimulizi wengi humruka Natalya Kaspersky, mkewe wa wakati ule. Ndiye aliyeiongoza kampuni hadi 2007 huku Eugene akishughulika na virusi vyake.

Nataka tutazame cheti cha Eugene. Alihitimu mwaka 1987 katika kitivo cha ufundi cha chuo cha KGB, shirika la ujasusi la Umoja wa Kisovieti, na hakuwahi kulificha jambo hilo. Kwa miaka mingi wanunuzi wa Magharibi hawakujali, maana programu yake ilikuwa hodari.

Sasa fikirini programu hiyo ya kuzuia virusi inavyofanya kazi. Ili imnase mwizi, lazima isome kila faili, tena kwa mamlaka makubwa kuliko ya mwenye kompyuta. Ikishuku kitu, hutuma nakala kwa kampuni. Kwa maelezo ya kampuni ya Kaspersky yenyewe, mwaka 2014 ilikuta zana za udukuzi za kundi la Equation, ambalo wataalamu hulihusisha na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, kwenye kompyuta binafsi huko Marekani. Nakala ikafika Moscow ikiwa na msimbo wa siri ndani yake. Eugene akaamuru ifutwe. Magazeti ya Marekani, mwaka 2017, yakaandika kwamba majasusi wa Urusi walinufaika na programu hiyo. Kampuni ikakana kuwasaidia.

Kwa maoni yangu, hapo programu ilitenda kile hasa ilichoundiwa. Ndiyo maana utetezi wake ulikuwa mgumu. Serikali ya Marekani iliamuru iondolewe kwenye ofisi zake mwaka huohuo. Kampuni ikaanza kuhamishia Zurich data za wateja, ikaalika wakaguzi waje kusoma msimbo wake. Haikufaa kitu. Hoja ya Washington ilikuwa kwamba kampuni iko chini ya sheria za Urusi na inaweza kulazimishwa, na hilo halitibiwi na ukaguzi wowote.

Juni 2024 Wizara ya Biashara ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake nchini humo, na masasisho yakakoma tarehe 29 Septemba. Siku chache kabla, wateja wengi wa Marekani walifungua kompyuta wakakuta Kaspersky imejiondoa na kujisimikia mrithi, programu ya kampuni nyingine iitwayo UltraAV, bila wao kubofya chochote. Baadhi yao walidhani wamevamiwa na kirusi.