Kutu ya Dhahabu
Jumapili ya 26 ya Mwaka B



Katika somo la pili la Jumapili hii, Mtume Yakobo (sura ya 5, aya ya 1 hadi ya 6) anawaambia matajiri neno ambalo sonara yeyote wa Mombasa au Unguja angelikataa papo hapo: kwamba dhahabu yao na fedha yao zimeliwa na kutu. Dhahabu haishiki kutu. Kaburi la Farao Tutankhamun lilivumbuliwa huko Misri mwaka 1922, na kinyago cha dhahabu kilichoufunika uso wa maiti yake kwa zaidi ya miaka 3,000 kilitoka humo kiking'aa. Fedha, ni kweli, hugeuka nyeusi. Lakini weusi ule si kutu. Huletwa na salfa, ile iliyomo hata katika yai, ndiyo maana kijiko cha fedha huharibika rangi kikiliwa mayai. Na pete yako ya dhahabu ikibadilika rangi, usiilaumu dhahabu. Mna shaba ndani yake, au fedha.

Je, Mtume hakulijua hilo? Kabla ya kujibu, na tuitazame kutu yenyewe, maana tumezoea kuihubiri bila kuichunguza.

Kutu si uchafu uliotoka mahali pengine ukaja kukaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe, kilichoungana na oksijeni ya hewani kwa msaada wa maji. Vyote viwili vyahitajika, hewa na maji. Katekista anaweza kuwaonyesha watoto wa mafundisho kwa misumari mitatu mipya. Wa kwanza autie katika chupa kavu kabisa na kuifunga. Wa pili autie katika maji yaliyochemshwa sana, hata hewa iliyokuwa ndani yake ikatoka, kisha amimine mafuta ya kula juu yake ili hewa isirudi. Wa tatu auache katika maji ya kawaida, nusu ndani na nusu nje. Baada ya siku chache watoto wataona wenyewe ni upi ulioliwa.

Sufuria zetu za alumini nazo huungana na oksijeni, tena upesi kuliko chuma, lakini utando unaotokea ni mwembamba, hushikamana na sufuria na kuikinga. Kutu ya chuma haina wema huo. Huvimba, hubanduka, na kila ibandukapo hufunua chuma kipya kiliwe. Nayo chumvi huiharakisha kazi hiyo, ndiyo sababu mabati ya pwani hayadumu kama yale ya bara, ijapokuwa yote yamepakwa zinki.

Sasa basi, jasho la mwanadamu ni nini? Ni maji yenye chumvi. Fundi akishika patasi kwa mkono wenye jasho, akaiweka bila kuifuta, kesho yake huweza kuona alama za vidole vyake zimeandikwa kwa kutu. Nasi tukiendelea na somo aya moja tu mbele, twaona Mtume akitaja ujira wa vibarua waliovuna mashamba, ujira uliozuiliwa, na kilio chao kilichofika masikioni mwa Bwana. Twadhani Yakobo aliifahamu dhahabu vema. Aliona jasho la watu limebaki juu yake.

Torati iliagiza kibarua alipwe siku ile ile, kabla jua halijatua (Kumbukumbu la Torati 24:15). Papa Leo XIII aliyarudia maneno haya ya Yakobo katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaiweka dhuluma ya ujira kati ya dhambi zinazolilia mbinguni, pamoja na damu ya Abeli.

Lakini tusiwatafute matajiri wa mbali. Katika parokia moja tuliyoitumikia zamani, tulimwita fundi seremala aezeke nyumba ya katekista. Kazi aliifanya vizuri. Nyumba haikuvuja hata tone. Tulimlipa nusu. Nusu ya pili tukasema atapewa baada ya mavuno, kisha baada ya mchango wa Pasaka. Fedha ilikuwamo sandukuni, ila tulikuwa tumeikusudia kengele. Masika mbili zilipita. Fundi huyo alihudhuria Misa kila Jumapili, akatupa mkono mlangoni, wala hakutaja deni hata mara moja. Nasi tuliuhesabu ukimya wake kuwa uvumilivu. Kumbe alikuwa anatuonea haya, sisi mapadre wake.

Ni katekista aliyekuja kutueleza, usiku, kwa sauti ya chini, kwamba fundi ameuza randa yake ili alipe ada ya mtoto. Asubuhi tulifungua sanduku, tukaenda kwake kwa miguu. Akakaribisha, akatoa kigoda, akapokea fedha kwa mikono miwili na kutushukuru kana kwamba tumempa zawadi. Tulimwomba atuonyeshe aliyeinunua randa, tukaikomboe. Mtu huyo alikuwa amekwisha hama na vyombo vyake vyote. Kengele tuliinunua miaka mitatu baadaye.