Yaliyoandikwa Chini ya "Mengineyo": Hotuba ya Katibu wa Kwaya

 

Kamati ya jubilii ilitupa sisi wa ofisi ya katibu dakika kumi tuseme neno juu ya kumtumaini Mungu katika maisha ya kila siku. Mwanzoni tulitaka kuandaa somo lenye shabaha na hatua zake, maana mwalimu ni mwalimu hata akiwa kanisani. Lakini tulipofungua sanduku la kwaya kutafuta tarehe za kuweka katika kijitabu hiki, tulikuta vitabu vya kumbukumbu za mikutano, vinne kwa jumla, kimoja kimeguguniwa na panya pembeni. Tukaketi tukavisoma vyote. Somo tukaliacha.

Mliowahi kuhudhuria mkutano wa kwaya mnajua mpangilio wake: maombi, waliohudhuria, waliotuma udhuru, kusomwa kwa kumbukumbu, yatokanayo, sare, ziara, fedha, na mwisho Mengineyo. Mambo makubwa huwekwa juu. Lakini kwa miaka hii 25 maisha yetu yenyewe yameandikwa chini ya Mengineyo. Huko ndiko utakuta kwamba ndugu wa sauti ya tatu amesimamishwa kazi, kwamba watoto wa dada fulani wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, kwamba ng'ombe wa mwalimu wa kwaya amekufa wiki ileile aliyotarajiwa kuzaa. Mstari mmoja tu, halafu mkutano unafungwa kwa maombi. Katibu wa wakati ule alikuwa na mwandiko mzuri kutushinda sisi, lakini hakupoteza wino.

Kurasa za Januari na Februari 2008 ni nyeupe. Waliokuwa hapa Bonde la Ufa wakati ule hawahitaji kuelezwa. Mkutano wa kwanza baada ya hapo ulifanyika mwezi wa Machi, wakaja watu tisa kati ya thelathini na mmoja, na ajenda ilikuwa moja: tuimbe au tusiimbe? Hakuna palipoandikwa nani alisema nini. Imeandikwa kwamba tuliimba wimbo mmoja, sauti ya nne ikiwa na mtu mmoja tu, kisha tukaenda nyumbani kabla ya giza.

Kuna pia habari ya ile kanda yetu ya kwanza, ambayo wengi mngependa tuiruke. Tulichanga kwa miaka miwili, tukauza maandazi baada ya ibada, tukampa mtu wa studio malipo ya kwanza, naye akahama mji pamoja na malipo hayo. Tuliomba sana baada ya fedha kwenda. Kabla hazijaenda, hakuna aliyeomba hata risiti. Mhazini alipouliza habari ya mkataba, tulimwambia aache kukosa imani, kwa kuwa yule bwana alikuwa ameokoka. Basi kwa faida ya vijana walioingia kwaya mwaka huu: kumwamini Mungu ni jambo moja, na kumwamini kila anayesema "Bwana asifiwe" ni jambo lingine kabisa. Mhazini yuko hapa leo, na tunamwona anacheka.

Ukurasa uliotufanya tufunge kitabu kwa muda ni wa mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye ameturuhusu tusimulie. Mume wake aliugua figo. Kwa miezi saba alikuwa akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kila safari ilikuwa ni gari la kukodi, malipo ya hospitali, na siku nzima ya kazi iliyopotea. Kwaya ilifunga kila Ijumaa. Tulifanya harambee mbili. Waliokuwa na mahindi ghalani waliuza gunia, wasio na gunia wakaleta debe. Tulikuwa na hakika, wapendwa. Tulikuwa tumeshachagua hata wimbo wa kuimba siku atakayorudi kanisani kwa miguu yake, na tumeshaanza kuufanyia mazoezi.

Alifariki alfajiri ya Jumamosi. Wimbo ule hatujauimba mpaka leo.

Mama yetu alirudi mazoezini baada ya wiki sita. Alikaa mahali pake pa siku zote, akafunga mdomo, hakuimba. Wiki ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Baadhi yetu tulimwendea na maneno. Tulimwambia kwamba kila jambo lina sababu yake, kwamba asinung'unike, kwamba Mungu anapenda moyo wa shukrani. Yeye alitutazama tu. Kwa maneno hayo tunamwomba msamaha leo mbele ya kanisa, maana tulikuwa tunajifariji sisi wenyewe, tulioaibika kwa sababu maombi yetu hayakujibiwa kama tulivyotangaza.

Mzee mmoja wa sauti ya nne, ambaye sasa amelala katika Bwana, ndiye aliyetunyamazisha. Alitufungulia Zaburi ya 88. Akatuonyesha kwamba juu yake pameandikwa kuwa ni ya wana wa Kora, yaani waimbaji wa hekaluni, wanakwaya kama sisi. Zaburi nyingi za kilio hugeuka kabla ya mwisho zikawa sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani. "Hata hivyo," akasema mzee, "waliitunza pamoja na nyingine, wala hawakumtoa aliyeitunga katika kwaya." Kisha akamgeukia mama, akamwambia, "Wewe kaa tu, mama. Sauti tutaishika sisi."

Basi alikaa. Tumehesabu: Jumamosi kumi na tisa jina lake liko kwenye waliohudhuria. Alikuwa akitembea kilomita tatu kuja kuketi mbele za Mungu ambaye alikuwa amemkasirikia, na ametuambia mwenyewe kwamba alimkasirikia kweli. Sisi tuliokuwa tunaimba kwa nguvu tulidhani kutumaini ni kuwa na hakika ya jibu. Jumamosi ya ishirini sauti ya pili ilipotea kwenye kiitikio, na kutoka kwenye kiti chake tukasikia, "Hapo ni fa. Mnaimba mi." Tukarudia. Yeye akiwemo.

Tukiendelea mbele, tunafika mwaka 2020. Machi makanisa yalifungwa, na shule nazo zikafungwa. Sisi tuliokuwa tukifundisha shule za binafsi tulikaa miezi bila mshahara. Wengine tuliuza mboga, wengine tukajifunza kuendesha boda boda tukiwa na diploma kabatini. Tulijaribu kuimba kwa simu, kila mtu arekodi sauti yake nyumbani, na matokeo mliyasikia: kila sauti iliondoka na basi lake. Bando likaisha, tukaacha. Makanisa yaliporuhusiwa kufunguliwa Julai, ilikuwa watu mia moja kwa ibada, saa moja tu, na waliopita miaka 58 wakatakiwa kubaki nyumbani. Waasisi wetu karibu wote walikuwa wamepita umri huo. Tuliimba tukiwa na barakoa, bila wao.

Katika miezi ile ndipo habari ya mana, Kutoka 16, ilipotuingia. Shule ya Jumapili tuliisoma kama muujiza wa chakula. Sasa tuliisoma kama watu wenye unga wa siku mbili. Waisraeli walipewa pishi moja kwa kila mtu, ya siku hiyo, na aliyeficha ya kesho alikuta mabuu, isipokuwa siku ya sita walipokusanya na ya Sabato. Tunakiri kwamba hatuipendi hesabu hiyo. Tungependa ghala. Mara nyingi tumepewa pishi: jirani anabisha na sukari nusu kilo, mzazi wa mwanafunzi analipa deni la mwaka juzi, mtu anatuma shilingi mia mbili bila kueleza. Na ziko siku ambazo hatukuona hata pishi, tukalala na chai ya rangi. Hizo nazo zimeandikwa.

Kitabu cha nne kimejaa. Mwenyekiti ametununulia cha tano, kiko kwenye meza iliyo karibu na mlango wa vestri, pamoja na kalamu mbili. Kabla ya chakula, kila aliyewahi kuimba katika kwaya hii, hata kwa mwezi mmoja, aandike jina lake ukurasa wa kwanza, chini ya waliohudhuria. Majina ya waliolala tumeshayaandika sisi. Ukurasa wa pili tumeuacha wazi kwa Mengineyo, na mwenye neno asione haya.

Sasa tunawaomba sauti zote nne zisimame. Mwalimu, tupe doh.