Uzushi Uliokwisha Hukumiwa Usihukumiwe Tena
(Mada iliyotolewa mbele ya walimu wa madrasa na wasimamizi wa makundi ya simu ya waumini, Masoko, Rungwe)

 

Wenye umri wa kutosha mnaikumbuka barua ya "Sheikh Ahmad", anayeitwa mtunzaji wa kaburi la Mtume (S.A.W.) huko Madina. Ilipita mikononi mwetu kwa fotokopi, ikidai kuwa Mtume alimjia Sheikh huyo ndotoni, na ikimtishia misiba asiyeinakili. Sheikh Abdul-Aziz bin Baz (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 1999, aliandika kuibatilisha. Leo barua ile imehamia kwenye simu, na kila irudipo mjadala unaanza upya kana kwamba haijapata kuhukumiwa.

Hapo ndipo muda wetu unapopotea. Tunalalamika kuwa ujumbe ni mwingi na msimamizi ni mmoja. Wanachuoni wa Hadithi walibeba mzigo mzito kuliko huo. Ibn Sirin, aliyefariki mwaka 110 Hijria (729), amepokewa akieleza kuwa hapo awali watu hawakuwa wakiuliza isnadi. Ilipozuka fitina ndipo wakadai kutajiwa wapokezi. Baadaye hali za wapokezi hao zikaandikwa. Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki mwaka 852 Hijria (1449), amewapanga katika Taqribut-Tahdhib kwa daraja 12, na hukumu ya kila mmoja ni maneno machache tu. Mwanafunzi wa leo haanzi kuchunguza upya iwapo fulani alikuwa mwongo. Anafungua kitabu.

Basi kila kundi liwe na daftari. Uzushi uliothibitika uandikwe: maneno yake ya mwanzo, nani kauchunguza, na kwa hoja gani. Ule usemao kwamba anayetangulia kuwapa watu habari ya Ramadhani ameharamishiwa Moto uandikwe ukurasa wa kwanza. Hauna asili, nao hautukosi kila Shaabani. Ukirudi, uondolewe papo hapo bila kikao.

Daftari peke yake halifuti kitu. Msimamizi akiwa shambani anachuma chai na simu imezima, ujumbe wa alfajiri utasomwa mpaka Isha. WhatsApp yenyewe ilijaribu kupunguza mwendo: mwaka 2019 iliweka kikomo cha kupeleka ujumbe kwa makundi au watu 5 kwa mara moja, na mwaka 2020 ikashusha kuwa 1 kwa ujumbe uliokwishapitishwa mara nyingi. Lakini mtu hunakili maneno na kuyabandika, kikomo kikavukwa. Tangu mwaka 2022 msimamizi yeyote wa kundi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa watu wote. Kwa nini basi tung'ang'anie msimamizi mmoja? Wawe watatu au wanne, wakiwemo akina mama, na awemo mwenye taaluma ya afya. Ujumbe unaomwambia mgonjwa wa kisukari aache vidonge vyake uondolewe kwanza, uchunguzi ufuate. Hapo kusubiri saa sita ni kucheza na roho ya mtu.

Masuala ya fiqhi yenye ikhtilafu hayamo katika haraka hiyo. Nasema hili kwa uwazi kwa sababu sisi wenye kudai islahi tuna ugonjwa wake: kufuta rai ya mwenzetu kisha kuita uzushi. Hiyo ni dhulma. Yapelekwe kwa wenye elimu. Na katika wanachuoni wa Hadithi wapo wengi wasiokubali jarha isiyotajiwa sababu. Kwa hiyo anayefutiwa aelezwe sababu kwa faragha, naye akileta ushahidi, hukumu irekebishwe katika daftari lile lile. Aya ya 6 ya Suratul-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, na mwanachama aliyefutiwa ni miongoni mwa watu hao.

Madaftari yaletwe madrasa baada ya swala ya Ijumaa ijayo, tuyalinganishe, ili lililochunguzwa Tukuyu lisichunguzwe tena Masoko.