Kiswahili cha Nyumbani na Matokeo ya Skuli

(Mazungumzo mbele ya wazazi, Maskati)



 Nimeombwa nizungumzie maendeleo ya watoto wetu katika skuli za msingi za serikali hapa Maskati. Mimi si mwalimu, ni muuguzi, na katika kazi yetu mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa. Ninachokiona ni kuwa watoto wetu wanapewa dawa bila ya kupimwa.

Dawa yenyewe mnaijua. Mtoto akipata alama mbaya, mzazi huitwa skuli na kuulizwa, nyumbani mnazungumza lugha gani? Akijibu Kiswahili, basi maradhi yameshajulikana: acheni Kiswahili, mtoto atafaulu. Mimi nimeambiwa hivyo, na wengi wenu humu mmeambiwa. Wengine wametii. Matokeo yake bibi na mjukuu hawana tena la kuzungumza, kwani Kiarabu cha bibi ni cha sokoni na Kiswahili mjukuu amekatazwa.

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1970 Oman nzima ilikuwa na skuli 3, wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka huo aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga. Wakaja wazee wetu, wengi wao wakiwa wameondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Kiarabu wengi hawakukijua vizuri, lakini walikuwa na elimu. Wakasomesha, wakauguza, wakafanya kazi maofisini. Kiswahili chao hakikuwazuia.

Sasa tuangalie nani wamo darasani leo. Katika skuli ya Maskati utamkuta mtoto wa Kibaluchi, wa Kilawati, wa Dhofar anayezungumza Kijibali kwao, na huyu wetu. Hata yule wa nyumba ya Kiarabu kitupu hazungumzi Kiarabu cha kitabuni na mama yake. Kiarabu fasaha kila mtoto anakwenda kukisoma skuli, ila mmoja ana safari fupi na mwengine ana safari ndefu.

Tuje kwenye vipimo. Upo mtihani wa kimataifa wa kusoma uitwao PIRLS, unaofanywa na watoto wa darasa la nne, na alama ya kati ni 500. Oman ilipata 391 mwaka 2011, 418 mwaka 2016 na 429 mwaka 2021. Tunapanda, alhamdulillah, lakini bado tuko chini. Tukifungua ndani, mwaka 2011 wasichana walipata 411 na wavulana 371. Mwaka 2016 wasichana 442, wavulana 395.

Hizo ni takwimu za nchi nzima, si za nyumba za Kiswahili peke yake, lakini zina somo kwetu. Msichana na mvulana wanatoka nyumba moja na wanasikia lugha moja. Na katika madarasa manne ya mwanzo kwa kawaida wanakaa pamoja, mbele ya mwalimu yule yule mwanamke. Ingekuwa lugha ya nyumbani ndiyo sababu ya yote, wangeanguka pamoja. Mbona dada amemwacha kaka kwa pointi 40 na zaidi? Mimi naona jibu limo katika malezi. Binti tunamwambia akae asome, mtoto wa kiume tunamwachia mpira na simu mpaka usiku.

Sikatai kuwa mtoto asiyesikia Kiarabu mpaka siku anaingia darasa la kwanza ana mzigo. Anao. Lakini mwenye upungufu huongezewa, hapunguziwi. Aongezewe Kiarabu: chekechea, vitabu, majirani. Mama akilazimishwa kumlea mwanawe kwa lugha asiyoimudu, mtoto hapati Kiarabu kizuri, anapata mazungumzo machache tu.

Na ndugu zetu mtakaoyasoma haya mkiwa Zanzibar, jambo hili linawahusu. Huko Kiswahili kiko nyumbani, njiani na skuli, na bado wapo watoto wanaoanguka. Sensa ya 2002 ilihesabu watu 984,625, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu wamekaribia kuzidi mara mbili kwa miaka 20. Kabla ya kumlaumu mama, hesabuni wangapi wamo darasani na mwalimu mmoja.

Kwa hapa kwetu naomba mambo matatu. Kwanza, ukiambiwa uache Kiswahili, omba mtoto apimwe macho na masikio kwanza. Nimeshaona mtoto anaitwa mvivu kumbe ubao hauoni. Pili, skuli ziandike lugha anayoisikia kila mtoto nyumbani anapoingia darasa la kwanza, kisha zilinganishe matokeo. Ikidhihirika kuwa wetu wamebaki nyuma, tuombe masomo ya ziada tukiwa na hoja mkononi. Tatu, kila usiku mtoto asome Kiarabu kwa sauti, khasa wa kiume, kisha bibi amsimulie hadithi kwa Kiswahili.

Tukikiacha Kiswahili kwa dhana tu, wajukuu zetu hawatakipata pengine, na alama huenda zikabaki pale pale.